Siku Moja Kigoma, Tukiikimbia Miguu ya Baba Mkwe

Tangu nirudi shuleni hamnipi nafasi hata ya kunawa uso. Bwenini mnauliza, mtoni mnauliza, juzi kwenye sala ya asubuhi mtu kanifinya mgongoni akaninong'oneza, "Eti dada yako alimfukuza mkwe wake barabarani?" Basi naandika mara moja, mniache nilale. Karatasi hizi ni za daftari la hesabu, kwa hiyo mwalimu asizione. Someni kwa zamu. Ila habari hii ikifika kwetu Ibaba, nitamtangaza kila mtu kwa siri yake, na siri zenu ninazo nyingi, hasa wewe unayelala kitanda cha mlangoni.

Tulikuwa tunamkimbia nani

Dada yangu Tusekile mnamjua, yule aliyekuja siku ya wageni na kapu la viazi mkala vyote, halafu mkanisifia macho yake badala ya viazi. Aliolewa mwezi wa tisa mwaka jana na Ambakisye, fundi seremala, ambaye anafanya kazi Usumbura kwa Wabelgiji. Likizo ya shemeji ilipokwisha alirudi kazini peke yake, na mwaka huu ndipo akatuma barua kwamba nyumba iko tayari, mke aje. Mimi nikateuliwa kumsindikiza kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, na kwa kuwa nyumbani walitaka kupumzika kutokana na kelele zangu.

Barua ile ilikuwa na mkia. Shemeji aliandika: "Baba naye anakuja kunitembelea. Anatoka Tabora kwa treni, na Kigoma atapanda meli hiyohiyo yenu. Jihadharini."

Nyinyi Wanyiha na Wanamwanga mna mambo yenu, kwa hiyo msicheke ya Wandali. Kwetu mwanamke aliyeolewa haonani na baba wa mumewe. Sisemi hamsalimii, haonani naye kabisa. Akimsikia njiani anaingia majanini. Jina lake halitamki, na hata neno linalofanana nalo analizunguka. Siku ya harusi mzee huyo alikaa nje ya kanisa akaisikiliza ndoa dirishani. Na siku alipokuja kwetu kukamilisha ng'ombe wa mahari, dada alilala kifudifudi ndani ya blanketi, na alichokiona kupitia upindo ni miguu miwili ikipita. Basi. Dada hamjui mkwe wake zaidi ya vifundo na vidole. Mimi siku zote mbili nilikuwa huku shuleni, nikila maharage pamoja nanyi, kwa hiyo hata hiyo miguu sikuiona.

Bibi alimweka dada chini kabla hatujaondoka. "Ukikutana naye uso kwa uso, utakaa miaka hujabeba mimba. Na ukibeba, utazaa mtoto mwenye haya, hata ziwa la mama atalikataa."

Mimi nikacheka. Dada hakucheka. Alinivuta kando akaniambia, "Lwitiko, mimi nataka watoto. Wewe ndiye macho yangu. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kimepinda, kimewalalia wenzake. Ukikiona hicho, sema."

Ndiyo kazi niliyopewa: kukagua miguu ya wazee kutoka kwetu Ileje mpaka kwa Wabelgiji.

Ibaba hadi Tunduma

Tulishuka milima siku mbili kwa miguu, dada amebeba kapu la ulezi, mimi nimebeba sanduku la mbao na jogoo. Jogoo yule alikuwa zawadi ya kumpelekea shemeji. Kila tulipopita kijiji aliwika kama tarishi wa chifu, watu wakatoka kutazama. Mpemba tulilala kwa watu wa kanisa, wakatulisha vizuri, na usiku mmoja ukawa siku tatu kwa sababu ya mvua na kwa sababu mwenye nyumba alipenda ninavyomwigiza mchungaji akipiga chafya katikati ya baraka.

Tunduma lori lilikuwa "linaondoka sasa hivi." Tuliambiwa hivyo Jumatatu, tukaondoka Alhamisi. Dereva alikuwa anangoja springi kutoka upande wa Rhodesia, na aliyeileta alileta ya baiskeli. Siku hizo zote tulikula kwa mama mmoja wa Kibemba aliyetusalimu kila asubuhi, "Mulishani!" na kutukatia vipande vya chikanda. Dada alikula kwa hofu ya Mungu akidhani ni nyama ya kusaga. Alipoambiwa ni mizizi ya porini imepondwa na karanga, aligeuza kipande, akakinusa, akakitazama chini.

"Mama, mizizi gani ina ladha ya ini?"

"Ya kwetu," mama akajibu. "Ya kwenu ina ladha ya nini, udongo?"

Dada akaongezwa kipande kingine bure kwa jinsi alivyokasirika.

Lori, halafu maji

Safari ya lori sitaisimulia yote, makalio yangu bado hayataki kukumbushwa. Tulikaa juu ya magunia ya mahindi kupitia Abercorn, na kila dereva alipopiga breki jogoo aliwika. Tulipofika ukingo wa mwisho wa mlima na kuliona ziwa, dada aliniuliza, "Ng'ambo yake iko wapi?"

"Haipo," nikasema. "Wameisahau."

Akaniamini mpaka Mpulungu.

Meli ilikuja jioni ikapiga honi, dada akaketi chini pwaa. Wazungu walikaa juu, sisi tukakaa sitahani pamoja na magunia, mbuzi na akina mama wa Kifipa wenye dagaa. Siku ya kwanza nilitapika, siku ya pili nikawacheka waliotapika. Kila bandari ndogo, Kasanga, Kipili, Karema, mitumbwi ilikuja kutulaki na samaki, na meli ikasimama hata pasipo na sababu ninayoifahamu.

Kwa kuwa hatukuwa na kazi tukafanya mazoezi. Mimi nikisema "Miguu!" dada anajitupa chini, magoti na kiganja sakafuni, kanga juu ya kichwa, uso hauonekani. Mara ya kumi alikuwa hodari kama askari. Mzee mmoja mwenye kanzu alimsifu mbele ya watu wote kwa kusali kila mara bila kuchoka. Nakiri nilisema "Miguu!" mara tatu pia kwa ajili ya mbuzi aliyekuwa akipita. Kofi la mara ya tatu nililisikia masikioni hadi Karema.

Kigoma, saa mbili asubuhi

Meli ilifika Kigoma asubuhi. Baharia akapita akigonga bati: "Shukeni wote! Tunapakia mizigo ya treni, tunaosha sitaha. Kuondoka saa kumi, honi mara tatu!"

"Na tusiposhuka?" nikauliza.

"Tutawaosha."

Dada akasita ngazini. "Treni ya Tabora imeshafika?"

"Imefika alfajiri."

Maana yake mtu wetu alikuwa mjini, na mji wenyewe ulikuwa umejaa wazee. Sijapata kuona wazee wengi hivyo. Wazee wa Kiha, wazee wa Kimanyema wenye kofia zilizotariziwa, wazee wa reli, wazee wa bandari. Dada alitembea nyuma yangu ameshika kanga tayari, mimi mbele nimeinamisha kichwa nikisoma vidole. Kigoma ina stesheni kubwa, watu wanasema ni nzuri sana. Mimi niliiona kuanzia magotini kushuka chini.

Penye kichochoro cha soko nikapiga magoti kabisa, kwa sababu mzee mmoja alikuwa amekalia mguu wake wa kushoto. Mkewe akanigeukia.

"Unatafuta nini hapo?"

"Natazama miguu tu, mama."

"Ahaa, mtoa funza! Mbona hukusema? Mume wangu, toa na huo mwingine. Una sindano yako au nikupe?"

Wenzangu, nilimtoa yule mzee funza watano. Ningefanyaje? Wa tano alipotoka, majirani walikuwa wamepanga foleni. Tukatoroka kwa kupita nyuma ya duka la chumvi, dada akicheka mpaka akaishikilia nguzo. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu Ibaba.

Kwa Mama Zuhura

Saa sita njaa ikatushinda. Karibu na bandari kulikuwa na mama mnene mwenye banda la samaki, Mama Zuhura, na benchi moja na meza moja. Migebuka ilikuwa ikikaangwa katika mafuta ya mawese. Dada alipoyaona yale mafuta mekundu alidhani wametia damu. Mtu aliyekwishaketi pale akacheka.

"Kaa, binti. Ukila huyu utasahau ng'ombe wa kwenu."

Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la reli na viatu. Viatu vyeusi, vipya, vinang'aa kiasi cha kujiona pua. Nilivitazama kwa uchungu, maana mwenye viatu huwezi kumsoma.

"Bwana mdogo," akaniambia, "mbona unatazama viatu vyangu kama unataka kuvioa?"

Tukapendana papo hapo. Mzee yule alikuwa na maneno! Alitueleza jinsi alivyotumikia reli ya Tabora miaka mingi, na jana alipopanda treni kama abiria wa kawaida alisahau, akampigia gadi saluti, gadi naye akampigia, wakabaki hivyo mpaka treni ikachelewa. Nusu ya wazee wa mji siku ile walitoka Tabora, kwa hiyo hatukustuka. Akamwigiza bwana mkubwa wa Kizungu akimfokea nyoka aliyelala relini. Dada alicheka kwa sauti, mdomo wazi, akimtazama usoni, akimmegea ugali wa muhogo. Mzee naye alichambua miiba ya samaki akamwekea dada minofu upande wake wa sahani.

"Viatu hivi," akasema akivivua chini ya meza, "nimenunua ili mwanangu akinipokea asione aibu. Lakini mwanangu hayumo ndani yake. Iliyomo ni miguu, na inalia."

Hapo ndipo mdomo wangu, mnaoujua, ukafunguka.

"Sisi leo tunamkimbia mtu."

"Polisi?"

"Afadhali polisi! Baba mkwe wa dada. Yumo humuhumu mjini. Kwetu Ibaba hawaonani."

"Lwitiko, nyamaza," dada akasema.

Mzee aliacha kutafuna. "Ibaba," akasema polepole.

"Ndiyo. Na uso wake hatuujui, tunajua kidole. Kidole gumba cha kushoto kimewalalia wenzake kama mlevi aliyekosea nyumba!" Nikacheka peke yangu. "Mwanawe ni Ambakisye, seremala wa Usumbura. Unamjua?"

Mzee akaweka tonge chini. Alishusha kofia mpaka kwenye pua, akasimama, akampa dada mgongo, akatoka bandani kwa ubavu kama kaa. Alipofika barabarani akaanza kutembea haraka. Halafu akakimbia.

"Mzee! Hujala!" Mama Zuhura akaita.

"Nimeshiba!"

Dada alikuwa ameshika tonge hewani, machozi yanamlenga. "Nimemkosea nini? Mzee gani huyu asiye na adabu?"

Mimi nilikuwa natazama vumbini. Miguu mitupu ilikuwa ikiondoka mbio, na kila wa kushoto ulipokanyaga, kidole gumba kilikuwa kimewalalia wenzake.

Mbio

Kabla sijapata sauti, dada aliinama chini ya meza akaibuka na viatu. "Kasahau! Atapataje vingine?" Akatoka nje, kiatu mkono huu, kiatu mkono huu. "Mzee! Mzee, ngoja! Viatu!"

Fikirini mnachokiona. Mwanamwali wa Kindali, aliyefundishwa kujificha majanini, anamfukuza baba mkwe wake katikati ya Kigoma mchana kweupe. Kadiri anavyomwita ndivyo mzee anavyokaza mbio, kwa heshima.

Nami nyuma yao nimekwama. Nikimwambia dada, atajua kwamba amekwishakula naye sahani moja, amecheka naye macho kwa macho, na yale maneno ya bibi yatamkaa tumboni maisha yake yote. Nisipomwambia, atamkamata. Dada ana mbio, nyinyi hamjui.

Watu wakaona mzee asiye na viatu anakimbizwa na mwanamke mwenye viatu, wakatafsiri wenyewe. "Kamfanya nini?" "Kamwibia!" "Mshike!" Askari wa bandari akajitokeza penye kona akamdaka mzee kwenye ukosi. Akamgeuza. Uso wake sasa ulielekea kwetu, na dada alibakiza hatua kumi.

Nikapiga kelele ambayo meli yenyewe ingenionea wivu:

"MIGUU!"

Dada alianguka pale pale. Magoti, viganja, kanga kichwani, viatu vikaruka kila kimoja upande wake. Punda wa mkokoteni akasimama. Kigoma yote ikanyamaza.

"Yuko wapi?" sauti ikatoka chini ya kanga.

"Mbele yako kabisa. Usifunue!" Mwaka mzima sijapata kumwambia dada yangu jambo la kweli kama hilo.

Nikaokota viatu, nikamwendea askari. "Afande, huyu si mwizi. Kasahau viatu tu, tunamrudishia."

"Na yule mbona kalala?"

"Ndiyo salamu ya kwetu."

Askari alimtazama mzee, ambaye naye alikuwa amejifunika uso kwa kofia, akamtazama dada, akamwachia ukosi taratibu. "Nendeni," akasema. "Nendeni wote mwendako."

Nyuma ya stesheni

Nilimpeleka dada kwa Mama Zuhura, nikamwambia mkwe amepita, ameelekea stesheni, na mimi nampelekea yule mzee wa samaki viatu vyake. Nikamkuta nyuma ya stesheni amekaa juu ya mataruma ya reli, miguu ameikunja chini ya koti.

"Treni ya kurudi Tabora ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Unarudi? Na shemeji?"

"Miaka mitatu sijakaa na mwanangu. Alipooa nilikaa dirishani, kesho yake nikarudi kazini. Nimestaafu ili nimwone." Akaivuta miguu zaidi chini ya koti. "Lakini nimemlisha mkwe wangu kwa mkono wangu. Nimemchambulia miiba. Nikipanda meli ile, itajulikana, na binti wa watu ataharibikiwa. Afadhali nirudi."

Nilijiona mdogo kama funza. Mimi ndiye niliyekiita kidole chake mlevi aliyekosea nyumba.

"Mzee, nani anajua? Dada hajui. Mimi na wewe tu."

"Na Mungu."

"Mungu anajua, ndiyo. Lakini Mungu si Mndali."

Alinitazama muda mrefu. Nikajua nimepata kofi jingine la safari. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa kofia.

"Wewe," akasema alipopata pumzi, "wewe wamekulea kwa nini?" Halafu akawa makini. "Utaweza kunyamaza?"

"Sijawahi kujaribu."

"Basi jaribu. Na viatu chukua. Akiviona tu, amenijua."

Kigoma hadi Usumbura

Honi tatu. Mzee alipanda kwa njia ya mizigo, akajibanza nyuma ya meli katikati ya magunia ya chumvi, turubai kichwani. Dada alikaa mbele. Mimi nilikuwa katikati nikichunga kama mtu mwenye mbwa na paka. Viatu nilivifungia sandukuni, chini kabisa ya nguo zangu.

Jioni nikachukua chakula. "Unampelekea nani?" dada akauliza.

"Mkwe wako. Yuko nyuma kule."

Akanyanyuka haraka akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akamweka sahanini kwa mikono miwili, akageuka pembeni nilipomchukua, maana sasa ni wa mkwe. Mzee alipopokea sahani aliuliza tu, "Amekwishamtoa miiba?" Alikuwa ameitoa yote.

"Yule mzee wa samaki sijui amepotelea wapi," dada akaniambia usingizini.

Ninyi mnajua uzito wa kazi ya kunyamaza kwangu. Nililala nimeuma kola ya shati.

Usumbura shemeji alikuwa gatini, amevaa tai. Nikasema "Miguu!" kwa sauti ya kawaida, dada akashuka chini ya kanga kando ya ngazi. Miguu mitupu ikapita mbele yake taratibu, wa kushoto umewekwa vizuri mahali anapoweza kuuona, ukasimama kidogo, ukaenda. Dada akapiga makofi ya heshima, kanga imetulia kama maji ya mtungi. Alipoinuka uso wake uling'aa.

"Umeona, Lwitiko? Siku nzima Kigoma, halafu meli, na hatujakutana hata mara moja. Kamwambie bibi."

Shemeji ana nyumba ya vyumba viwili, na baba yake alipewa chumba cha jirani. Katikati ni ukuta wa matete tu. Jioni ile tulikula, jogoo wetu akiwa ndiye mboga, na dada akamsimulia mumewe yote: chikanda, funza, mawese, na yule mzee wa ajabu aliyemwigiza Mzungu na nyoka.

"Alinichekesha sijapata kuona," akasema. "Halafu akakimbia, sijui kwa nini. Baba yako yeye ni mtu wa namna gani?"

Shemeji akafikiri. "Baba? Mkali. Mimi sijamwona akicheka."

Dada akashusha pumzi. "Mungu angenipa baba mkwe kama yule mzee wa samaki, ningemshukuru mpaka kufa."

Nyuma ya ukuta mtu akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu, cha kukabwa, kinachopanda juu na kuvunjika mwishoni.

"Ni baba," shemeji akasema. "Vumbi la chumvi limemkaa kifuani."

Dada papo hapo akavuta kanga usoni, akapiga magoti kuuelekea ukuta. Mimi nikasema naenda kujisaidia, nikatoka nje ili nicheke. Nikamkuta mzee kwenye uchochoro, kofia mdomoni, ametoka kwa kazi ileile.